Ukurasa wa Ishirini na Saba

Kila baada ya wiki mbili, Jumatano, gari langu la vitabu
husimama kando ya kituo cha zimamoto, Waikaka,
mvua ikija ya ubavuni, na kondoo ng'ambo ya waya
wakitutazama kama watu wanaosubiri zamu.

Noeline Pullar hupanda vidato vitatu kwa mkono mmoja;
wa pili umebeba mfuko wa vitabu vilivyomshinda.
Huvipanga mezani kama mayai viza.
"Hiki, sura ya tisa. Hiki hakikungoja hata sura ya pili.
Na hiki chenye keki na kipepeo kwenye jalada,
mwanangu, hiki kinaongoza kwa ujambazi."

Anataka mapenzi, lakini mlango ufungwe.
Ndivyo asemavyo: mlango ufungwe, nasi tubaki koridoni.

Usidhani ni haya. Mwanamke huyu
ametia mkono hadi kiwiko ndani ya kondoo jike usiku wa barafu,
akamgeuza mwanakondoo aliyekaa kinyume,
kisha akanawa, akachemsha chai.
Miaka arobaini na sita alikuwa mke wa Ross,
"na hatukuwa tukicheza karata," anasema.

Mimi sina rafu ya namna hiyo.
Katalogi inajua mwandishi, mwaka, idadi ya kurasa;
haijui ni wapi vifungo vinaanza kufunguka.
Nyuma ya jalada wameandika "motomoto", "tamu", "cha kusisimua",
maneno ambayo hata mchuzi ungeweza kuyadai.
Nikakisia. Nikakosea. Nikampa cha daktari na mfuga nyuki:
akakirudisha kimefungwa gazetini, kama samaki.

Ndipo mwezi wa Juni, nikifuta vumbi, nikaiona:
nukta ya penseli chini ya namba ishirini na saba.
Nikafungua kingine. Nukta.
Kingine, hakuna. Kingine, nukta, ndogo kuliko yai la chawa.
Wala si Noeline peke yake:
palikuwa na misalaba midogo ya Mavis wa posta,
na duara la wino wa kijani la mtu nisiyemjua hadi leo,
wote ukurasa uleule, kwa miaka, kimyakimya,
kama wavukao mto wanaomwekea ajaye nyuma
jiwe mahali pasipo kina.

(Palikuwa pia na nyota, nyekundu, katika vile vya sura ya tisa.
Nikafuatilia kadi: Desmond Kerr,
aazimaye vitabu vya injini za trekta.
Nyota zake nimeziacha.)

Kanuni ya halmashauri: mtu asiandike kitabuni.
Ninacho kifutio, droo ya juu. Hakijapungua.

Nilimwuliza mara moja, kwa nini.
Alikuwa ameketi kwenye kigoda, buti zikimwaga tope.
"Ya nyuma ya mlango ninayo yangu," akasema.
"Ross aliondoka na nusu, nusu nimebaki nayo, yananitosha.
Ninachokisahau ni kile cha kabla.
Alikuja kwetu kurudisha ndoo. Haikuwa ndoo yetu.
Akasimama kizingitini nayo, kaishika kwa mikono miwili.
Mama akajua. Mimi nikaitazama ndoo."

Akanyamaza, akavaa kofia.
Ndoo ilikuwa ya nani, sikupata kuuliza.

Macho hayana pazia, wahenga wamesema.
Basi kitabu kiwe nalo.

Jana usiku nilijichukulia kimoja nyumbani,
chenye nukta, na msalaba, na duara la kijani.
Nikasoma mpaka pale mchoraji ramani
anapomvua yule mjane glavu, moja tu, ya kushoto,
amwangalie kidole kilichokatwa na karatasi,
na sura ikaishia hapo.

Nikakaa. Birika likapiga mluzi mpaka likakauka.
Kisha nikainuka, nikatafuta penseli.